Nani mwenye nyumba, nani mtumishi? Jinsi ya kuzisoma picha za majumbani za Uholanzi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sanaa sekondari. Wiki iliyopita niliwaonyesha wanafunzi picha ya Nicolaes Maes ya mwaka 1655, ile ya msichana wa kazi aliyesinzia jikoni, vyombo vimetapakaa sakafuni na paka nyuma yake anaiba ndege wa kitoweo. Ubishi ukazuka: yule mwanamke aliyesimama akitabasamu ni mwenye nyumba au ni mtumishi mwenzake? Sikuwa na jibu. Katika picha hizi za kale za maisha ya nyumbani, mtu anatambuaje nani ana cheo gani? Na je, nyumba zao zilikuwa hivyo kweli?

Jibu: Marahaba. Kura yangu naipa mwenye nyumba. Ila wanaobisha wana haki yao, maana picha hiyo, ambayo iko National Gallery ya London, imewagawa hata wataalamu, na mavazi ya mwanamke huyo hayana fahari ya kumaliza ubishi. Mimi navutwa na mambo mawili. La kwanza ni mkono wake: kiganja wazi kuelekea kwa aliyelala, macho yametuelekea sisi, kama anayewaambia wageni, "Haya, jioneeni wenyewe." Hapo anaongea mtu mwenye kauli juu ya jiko. La pili, Maes alichora kati ya 1655 na 1657 hivi picha kadhaa za mama mwenye nyumba anayenyatia ngazini, kidole mdomoni, akisikiliza mtumishi wake anavyobembelezwa na mpenzi huko chini. Humo pia mama anatutazama na kututabasamia. Mchezo ni uleule, na anayeucheza mara nyingi ni mwenye nyumba.

Sasa tuje kwenye njia, maana picha moja ukishaijua haikusaidii na nyingine.

Kwanza neno lenyewe. Nimewahi kuona picha hizi zikielezwa kwa Kiswahili kuwa ni za "kijakazi na bibi yake". Neno kijakazi pwani kwetu limebeba historia ya utumwa, na msichana wa picha hizi hakuwa mtumwa. Alikuwa mfanyakazi wa mshahara, hajaolewa, mara nyingi ametoka shamba au mji mdogo, au amevuka kutoka upande wa Ujerumani. Amsterdam walikuwapo madalali wanawake waliowatafutia wasichana nyumba za kufanyia kazi, na misimu ya kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine ilikuwa Mei na Novemba. Alilala na kula hapohapo, mshahara akiuweka akiba ya kuanzia maisha ya ndoa. Kwa hiyo mwite mtumishi, au msichana wa kazi.

Familia nyingi hazikuwa na mtumishi kabisa, na zilizokuwa naye, nyingi zilikuwa na mmoja tu. Hili la mmoja tu ndilo linalowasumbua wanafunzi wako. Katika kasri la mfalme wa Ufaransa usingemkosea mtumishi, maana wako mia na kila mmoja ana vazi la daraja lake. Katika nyumba ya mfanyabiashara wa mji kama Delft au Dordrecht, mama na msichana wake walifanya kazi bega kwa bega: wanakunja shuka pamoja, wanachagua samaki pamoja, wote wamevaa kofia nyeupe ya kitani na wote wana aproni. Mama kuonekana akifanya kazi haikuwa aibu. Jacob Cats, mshairi aliyesomwa karibu kila nyumba ya Kiprotestanti, alitoa mwaka 1625 kitabu kizima cha mashairi juu ya ndoa, na humo mke mwema ni yule anayeisimamia nyumba kwa mikono na macho yake mwenyewe. Basi mchoraji alilazimika kuitenga mipaka ya cheo kwa vitu vidogo.

Anza na mikono, usianze na sura. Chukua picha ya Johannes Vermeer iliyochorwa mnamo 1658, iliyoko jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Kwa Kiholanzi inaitwa "mkamua maziwa", na jina hilo linapotosha, maana mwanamke yule hakamui ng'ombe; ni mtumishi wa jikoni anayemimina maziwa kwenye chungu chenye vishikio viwili, mezani kuna mikate na vipande vya mkate. Wengi wanadhani anaandaa chakula cha mkate uliolowekwa maziwa, njia ya kutopoteza mkate uliokauka. Tazama mikono yake. Mikono ya vazi la kazi ameipandisha, na hapo utaona rangi mbili: viganja na vifundo vimeiva kwa jua na maji, juu kidogo ngozi ni nyeupe kwa kuwa siku zote hufunikwa. Mstari huo mmoja wa rangi unaeleza maisha yake kuliko uso. Halafu teremsha macho hadi kiunoni: sketi ya juu ameipandisha na kuichomeka. Sisi tungesema amejifunga kibwebwe, na maana ni ileile, yaani yuko kazini. Aproni yake ni ya buluu. Aproni ya buluu ilikuwa ya kazi kwa sababu haionyeshi madoa upesi. Mama akivaa ya kwake, kwa kawaida huwa nyeupe.

Ukimaliza mikono, tazama kitambaa. Mama wa nyumba yenye uwezo, akiwa ndani bila wageni, alivaa koti fupi pana la mahameli au atilasi lililozungushiwa manyoya meupe. Vermeer alilichora la manjano katika picha kadhaa, na tunajua lilikuwa vazi halisi, si la kubuni: orodha ya mali iliyoandikwa Februari 1676, miezi michache baada ya kifo chake, inalitaja koti la atilasi ya manjano lenye pindo la manyoya meupe. Wanafunzi wakikuambia ni manyoya ya kifalme, wapoze kidogo. Nyumbani mwa watu wa kati yalikuwa mara nyingi ya sungura, kindi au hata paka. Mtumishi havai koti hilo. Yeye ana sufu nzito ya kahawia, kijivu au nyekundu iliyopauka, na kitambaa cheupe mabegani.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wakishajua kanuni ya mavazi wanaitumia kama rula. Iko picha nyingine ya Vermeer, Metropolitan Museum ya New York, ya mwanamke aliyelala mezani akiegemeza shavu mkononi. Inaitwa ya "mtumishi aliyelala". Lakini amevaa atilasi, na sikioni ana lulu. Jina hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye mnada wa Amsterdam wa Mei 1696, ambako picha 21 za Vermeer ziliuzwa kwa pamoja na karani akaiandika hii kuwa ni ya "meyd" mlevi aliyelala. Neno la Kiholanzi la wakati ule lingeweza kuwa msichana wa kazi, na lingeweza kuwa msichana tu. Jina likaganda kwenye picha, na lulu ikabaki inawatazama watu bila maelezo. (Katika mnada huohuo mmimina maziwa aliuzwa gilda 175 (gilda ni fedha ya Uholanzi ya wakati huo), picha moja tu ya Vermeer ilimzidi, ile ya mandhari ya mji wa Delft, gilda 200. Mtumishi wa jikoni hakuwa mada duni sokoni.)

Kwa hiyo majina ya picha hizi usiyaamini kabla ya kuyachunguza. Wachoraji wenyewe hawakuzipa majina. Yametoka kwa makarani wa minada, wachapaji na wakurugenzi wa makumbusho. Mfano mbaya kuliko yote ni picha ya Gerard ter Borch ya miaka ya 1650: mwanamke aliyevaa atilasi ya fedha ametupa mgongo, mbele yake kijana wa kijeshi ameketi na kuinua mkono, kando mwanamke wa makamo anakunywa divai. Mwaka 1765 Johann Georg Wille aliichonga na kuichapa kwa jina la "mawaidha ya baba". Mwandishi Mjerumani Goethe akalipokea jina hilo, na katika riwaya yake ya 1809 akaeleza jinsi baba anavyomwonya binti kwa upole. Hebu mtazame huyo "baba" tena. Ni kijana, umri wake na wa msichana haupishani sana, na nyuma yao kuna kitanda. Leo wengi wanaona ama ni uchumba, ama ni bei inapatanwa. Cheo cha watu watatu kilibadilika kabisa kwa maneno mawili yaliyoandikwa chini ya mchapo.

Kiti ni ushahidi bora kuliko jina. Nani ameketi, ameketia nini, na kwa urefu gani? Mama hukalia kiti chenye mgongo, pengine cha ngozi chenye misumari ya shaba na vichwa vya simba nchani. Mtumishi husimama, hupiga magoti, au hukalia kigoda. Katika nyumba nyingi palikuwa na jukwaa dogo la mbao karibu na dirisha, kimo cha hatua moja, ili anayeshona apate mwanga na miguu yake isigusane na baridi ya sakafu. Gabriel Metsu alilitumia vizuri katika picha yake ya mwanamke anayesoma barua, ya katikati ya miaka ya 1660, iliyoko Dublin. Mama ameketi juu ya jukwaa, koti la manjano, mto wa kushonea mapajani, barua ameigeuzia dirishani. Mtumishi amesimama chini, ametupa mgongo, ndoo kwapani, na kwa mkono mmoja anavuta pazia la kijani lililofunika picha ya bahari iliyochafuka. Pazia lile si pambo la kimashairi tu. Watu walifunika picha zao kwa mapazia kuzikinga na vumbi na jua. Kiatu kimoja kimebaki sakafuni, subana imeanguka: mama ameacha kazi ghafla barua ilipofika.

Lakini tazama anachofanya yule mtumishi. Mama yuko juu, amevaa vizuri, ana elimu ya kusoma. Aliyeileta barua, na anayejitazamia dhoruba kwa utulivu, ni msichana wa ndoo. Barua za mapenzi ndizo mahali ambapo ngazi ya cheo inalegea. Vermeer aliichukua hali hiyohiyo mnamo 1669 au 1670, katika picha ndogo ya Rijksmuseum: tunachungulia kupitia mlangoni, ufagio na ndara vimeachwa njiani, kapu la nguo liko sakafuni. Mama ameketi na ala ya nyuzi mkononi, ameshika barua, anainua macho kumtazama mtumishi kwa wasiwasi. Mtumishi amesimama juu yake na anatabasamu. Kimo sasa ni cha mtumishi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba anayesimama ni mdogo na anayeketi ni mkubwa atakosea hapa, ndiyo maana usimpe alama moja. Mpe tatu au nne azilinganishe: mikono, kitambaa, kiti, macho. Zikikubaliana, cheo kimepatikana. Zikipingana, umefika mahali mchoraji alipotaka ufike.

Funguo nazo ni za kutafutwa. Ukiona shada la funguo kiunoni au mkononi mwa mwanamke, huyo ni mwenye mamlaka ya kabati. Na kabati halikuwa jambo dogo. Shuka, vitambaa vya meza, mashati na kofia za kitani vilikuwa sehemu kubwa ya mali ya nyumba. Viliandikwa moja moja kwenye orodha za urithi, na binti aliolewa navyo. Pieter de Hooch alichora mwaka 1663 wanawake wawili mbele ya kabati kubwa la mwaloni, mmoja akimpa mwenzake shuka zilizokunjwa. Mtoto amesimama na kifimbo cha mchezo wa kolf, nyuma mlango uko wazi hadi barabarani. Wengine wanaona mama na mtumishi, wengine mama na binti. De Hooch huwa hapigi kelele kama Maes. Kwake utaratibu wenyewe ndio habari, na nguo safi iliyorudi mahali pake ni tukio kamili.

Vitu vya sakafuni ndivyo vinavyowapa wasomaji shida zaidi, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa ishara na kinaweza kuwa kitu tu. Rudi kwa mmimina maziwa. Chini kulia kuna kijisanduku cha mbao chenye matundu juu, ndani yake kuna chombo cha makaa, kama chetezo kilichofungiwa boksini. Ni cha kupashia miguu moto; mwanamke alikiweka chini ya sketi akiwa ameketi. Katika kitabu cha mafumbo ya picha cha Roemer Visscher cha 1614, kijisanduku hiki kinatajwa kuwa kipenzi cha wanawake, na mwanamume anayetaka kupendwa anakionea wivu. Nyuma yake, kwenye safu ya vigae vya Delft chini ya ukuta, kimoja kina Kupido, mungu mtoto wa mapenzi, na upinde wake. Je, mtumishi anawaza mapenzi? Au jiko lina baridi?

Juu ya hili wataalamu walivutana miaka mingi. Eddy de Jongh na wenzake, katika miaka ya 1960 na 1970, walifungua vitabu vya mafumbo na kuonyesha kwamba picha nyingi zimebeba mafunzo yaliyofichwa. Svetlana Alpers akaja mwaka 1983 na hoja kwamba Waholanzi walipenda zaidi kueleza dunia kama inavyoonekana, na kwamba tunawalisha maneno. Ushauri wangu wa darasani ni huu: ishara ihesabike pale inapokutana na nyingine inayosema jambo hilohilo. Kijisanduku peke yake ni kijisanduku. Kijisanduku na Kupido vikikaa pamoja kwenye kona moja, mchoraji amekukonyeza. Tena tunajua kona hiyo aliifikiria sana: uchunguzi wa mionzi umeonyesha kwamba pale penye kijisanduku palikuwa na kapu, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa ukutani, nyuma ya kichwa chake, Vermeer alianza kuchora ubao wa kutundikia magudulia, kisha akaufuta. Alipunguza vitu hadi wakabaki mwanamke, maziwa na ukuta wenye matundu ya misumari.

Hilo linanipeleka kwenye swali lako la pili. Hapana, nyumba hazikuwa hivyo kabisa. Sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe, ambayo kila mtu huikumbuka, ilikuwa adimu katika nyumba za watu. C. Willemijn Fock alipitia orodha za mali na mikataba ya ujenzi, akalinganisha na picha, akakuta vyumba vingi vilikuwa na mbao. Marumaru, kama ilikuwapo, ilikuwa ukumbi wa mbele au kwenye korido ya tajiri. Mataa makubwa ya shaba ya kuning'inia, yenye matawi, nayo yalikuwa zaidi ya makanisani na kumbi za mji. Kwa nini basi yachorwe? Sababu mojawapo ni fahari: mnunuzi anafurahi kutazama nyumba iliyo nzuri kuliko yake. Nyingine ni ya ufundi. Sakafu ya miraba ndiyo njia rahisi ya kuonyesha kina. Mchoraji huchoma pini kwenye turubai mahali mistari yote inapokutana, hufunga uzi uliopakwa chaki, huuvuta hadi ukingoni na kuudundisha. Unabaki mstari mweupe ulionyooka wa kufuata. Tundu la pini hiyo limeonekana katika picha zaidi ya kumi za Vermeer. Ukiwa na rula, wanafunzi wanaweza kulitafuta: wafuate mistari ya vigae na ya fremu za dirisha, wataona inakutana mahali pamoja.

Vya kweli pia vipo. Zulia la Uturuki mezani badala ya sakafuni ni kweli. Lilikuwa ghali mno kukanyagwa. Safu ya vigae chini ya ukuta ni kweli, na kazi yake ilikuwa kuikinga chokaa isilowe wakati wa kupiga deki, ambako kulifanywa mara kwa mara mno hadi wageni kutoka nje wakashangaa. Buluu na nyeupe ya vigae hivyo na ya vyombo vya Delft ni mwigo wa kauri ya China. Biashara hiyo ilipovurugika kufuatia kuanguka kwa nasaba ya Ming mwaka 1644, wafinyanzi wa Delft walilijaza pengo. Aliyeona sahani za Kichina kwenye zidaka za Lamu ameona upande mwingine wa soko hilohilo.

Jambo la kuwakazia wanafunzi kuliko marumaru ni hili: picha iliuzwa kwa mwajiri. Aliyeitundika ukutani ndiye aliyekuwa akilalamika juu ya wasichana wa kazi. Mtumishi mvivu, mlevi, mdokozi, mwenye mpenzi jikoni, alikuwa kichekesho cha kawaida. Mwaka 1682 kilichapwa kitabu kilichodai kwamba wasichana wa kazi wa siku hizo wanatawaliwa na mashetani saba. Mchoraji Jan Steen alijaza nyumba nzima vurugu, na hadi leo Mholanzi akiona nyumba imepinduka husema ni "nyumba ya Jan Steen". Lakini tazama picha yake ya 1663 iliyoko Vienna: aliyelala pale mezani ni mama mwenye nyumba, na kila kitu kimeharibika kwa sababu yeye amefumba macho. Soma Maes hivyohivyo. Tabasamu la mwanamke aliyesimama linamcheka mtumishi, ila linatuuliza pia nani alipaswa kuwa macho. Katika mojawapo ya picha zake za wasikilizaji, iliyoko London, mama anaonekana akifoka, lakini Maes amechora pazia juu ya sehemu ya picha na aliyefokewa yuko nyuma yake. Hatutamwona kamwe.

Ukitaka sauti ya mtumishi, iko mahakamani na kwa mawakili kuliko kwenye turubai. Katika nyumba ya Vermeer alikuwapo Tanneke Everpoel. Mwaka 1666 alitoa ushahidi mbele ya mthibitishaji kwamba Willem Bolnes, shemeji yake Vermeer, alimshambulia dada yake mjamzito, mke wa Vermeer, kwa fimbo yenye ncha ya chuma, na kwamba yeye Tanneke ndiye aliyemzuia. Kwa mchoraji Rembrandt ngazi ilikatika vibaya zaidi. Geertje Dircx, aliyeingia kulea mtoto wake, alimshtaki mwaka 1649 kwa kuvunja ahadi ya ndoa na akapewa gilda 200 kwa mwaka; mwaka uliofuata akapelekwa kwenye nyumba ya marekebisho ya wanawake huko Gouda, na Rembrandt alihusika kumpeleka. Hendrickje Stoffels, mtumishi aliyefuata kuwa mwenza wake, aliitwa na baraza la kanisa mwaka 1654 kujibu kosa la uzinzi. Rembrandt hakuwa muumini rasmi wa kanisa hilo, hivyo lawama ilimwangukia Hendrickje peke yake.

Katika baadhi ya picha utakutana na mtumishi mweusi, mara nyingi kijana, pembeni, ameshika sinia au matunda. Jan Mijtens alimchora mmoja mwaka 1668 kando ya Margaretha van Raephorst, mke wa amiri Cornelis Tromp. Hapo swali la neno kijakazi na mtumwa linarudi kwa uzito. Ndani ya Uholanzi utumwa haukutambuliwa kisheria, lakini kampuni zake zilifanya biashara ya watu baharini, na hali ya aliyeletwa ilikuwa na utata. Wachoraji wengi walimtumia kama rangi ya kuukuza weupe wa bibi. Usiishie hapo lakini: katikati ya karne ya 17 palikuwa na jamii ya watu weusi huru Amsterdam, karibu na Jodenbreestraat, mtaa wa Rembrandt mwenyewe, na wapo waliochorwa humo kwa nyuso zao.

Kwa kipindi chako kijacho, fanya hivi. Pakua picha kutoka tovuti ya Rijksmuseum, ambayo inazitoa bure kwa ukubwa wa kutosha kuhesabu misumari, na chapa kwa kipimo halisi. Mmimina maziwa ni sentimita 45.5 kwa 41, anaingia kwenye karatasi mbili za A3 zilizounganishwa. Maes ni 70 kwa 53.3, anataka A3 nne. Kipimo halisi kina maana: picha hizi zilitazamwa kwa karibu, na kwenye simu kiatu cha Metsu hakionekani. Hakikisha nakala haijakatwa kingo, maana ushahidi hukaa pembeni na chini. Ficha jina. Wape dakika kumi waandike mikono, kitambaa, kiti na macho ya kila mtu, bila kutaja cheo. Kisha wapige kura, na mwisho uwape jina na historia yake. Rangi za kahawia zisiwadanganye kuwa nyumba zilikuwa na giza. Vanishi ya zamani hugeuka njano na kuzima buluu kwanza, ndiyo maana aproni ikionekana ya kijani kwenye nakala mbaya usiandike kijani.

Na kwa Maes, kabla ya kura, waambie wahame na macho kutoka jikoni hadi chumba cha nyuma, ambako watu wamekaa mezani wanasubiri chakula. Wajiulize ndege yule anayeondoka na paka alikuwa wa meza ipi, na ni nani kati ya wanawake wawili atakayepanda kwenda kuwaambia.